KUKANDA NA KUMIMINA: Jiko la Pwani kwa Asiyekula Ngano Wala Maziwa

Somo letu safari hii limetoka jikoni. Msidhani nimeitupa lugha nikakimbilia sufuria, la hasha! Lugha yenyewe ndiyo iliyonishika mkono ikanipeleka huko.

Hebu tutazame jambo dogo. Kiswahili kina mpunga ukiwa shambani, kina mchele ukishakobolewa, kina wali ukishaiva. Mchele uliovunjika ni chenga, wali uliozidi maji ni mashendea, na ule ulioganda chini ya sufuria, ambao watoto hupigania, ni ukoko. Nazi nayo huanza kidaka, ikawa kitale, ikawa dafu, ikawa koroma, ndipo ikawa nazi. Ukiikuna na kuikamua unapata tui. Tui zito la kwanza ni kasimile na makapi yanayobaki ni machicha. Sasa ngano je? Shambani ni ngano, guniani ni ngano, na ikisagwa ni unga wa ngano. Basi, yamekwisha.

Sisemi kwamba wingi wa majina ni ushahidi wa kupeleka mahakamani. Hata hivyo unatuonyesha jiko la Pwani lilijengwa juu ya nini. Lilijengwa juu ya mchele, nazi, samaki, muhogo, kunde, mtama na ndizi. Ngano tunaipenda, tena sana, lakini sehemu kubwa ya ile tunayokula Kenya huja kwa meli na kuteremshwa hapa hapa Kilindini. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, bei ya unga ilipanda na wapika chapati wa Likoni na Magongo wakalia. Muhogo haukujua kwamba kuna vita.

Naeleza haya kwa sababu wapo watu ambao ngano kwao ni sumu. Si kwa maringo, wala si kwa kujidai Wazungu kama wasemavyo wengine hapa shuleni. Ni ugonjwa, nao unaitwa siliaki.

Mwenye siliaki akila ngano, shayiri au rai, askari wa mwili wake hughadhibika na kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo mno, mfano wa manyoya ya zulia, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo vikilala, chakula hupita tu. Mtu anakula sahani mbili na bado anakonda. Tumbo hujaa hewa, anaharisha mara kwa mara, damu hupungua, na akiwa mtoto hudumaa. Kinachowatia hasira hao askari ni kitu kilichomo ndani ya nafaka hizo kiitwacho gluteni. Neno hili ni la Kilatini na maana yake ni gundi. Aliyewahi kutega ndege kwa ulimbo ameshaielewa.

Mnaweza kuiona kwa macho yenu. Kandeni donge la unga wa ngano, liacheni dakika kumi, kisha lioshwe polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe, wanga unaondoka. Mkononi kutabaki kipande cha kijivujivu chenye kuvutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni. Sasa jaribuni na unga wa mchele. Utayeyuka wote mkabaki na mikono mitupu.

Madaktari walichukua muda mrefu kuigundua sababu hii, na kisa chake kina mafunzo. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza ugonjwa huu akasema kwamba mgonjwa akipona itakuwa ni kwa chakula. Akamtaja mtoto mmoja aliyenawiri kwa kulishwa kome wa baharini kila siku, na msimu wa kome ulipokwisha ugonjwa ukamrudia. Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas akawalisha wagonjwa wake ndizi kwa wingi na mkate akawakataza. Walipopona, ndizi ikasifiwa kuwa dawa. Kumbe ndizi haikuwa na muujiza wowote! Kilichowaponya ni kile kilichoondolewa mezani. Aliyelifumbua fumbo hili ni daktari wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa ya vita ilipoikumba nchi yake na mkate ukaadimika, watoto wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, maradhi nayo yakarudi. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utrecht.

Wala asije mtu akasema haya ni maradhi ya Ulaya tu. Huko Ulaya hupatikana kwa karibu mtu mmoja katika kila 100, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 miongoni mwa watoto wa Wasaharawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100.

Na maziwa yameingiaje? Yameingia kwa mlango ule ule wa vinyweleo. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho hutengenezwa kwenye ncha za vinyweleo hivyo hivyo. Vikilala, laktesi nayo inakosekana, na kikombe cha chai ya maziwa kinaleta ngurumo tumboni. Ndiyo maana wengi wenye siliaki huambiwa waache vyote viwili, angalau mpaka utumbo upone. Baadaye huenda maziwa yakarudi, lakini ngano hairudi maisha. Wapo pia wasio na siliaki kabisa ambao laktesi yao hupungua wakishatoka utotoni. Hao si wachache. Ni karibu thuluthi mbili ya watu wazima duniani. Jamii za wafugaji ndizo zilizojaliwa vingine. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao wenyewe katika jeni, tofauti na lile la Wazungu, linalowawezesha kunywa maziwa hata uzeeni. Kwa hiyo mwenzako akikataa maziwa, usimcheke. Huenda babu zake walikuwa wavuvi.

Haya, sasa tushuke kutoka vitabuni.

Katika shule yetu yupo mwenzetu mmoja, anatoka upande wa Mtongwe. Jina lake nalihifadhi, ila kisa chake ameniruhusu nikieleze. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiumwa na tumbo. Katika zahanati moja alipewa dawa ya minyoo, kisha ya ameba, kisha ya minyoo tena. Majirani nao hawakukosa la kusema, ati kuna mtu ana mkono wake. Mwishowe daktari mmoja akaagiza damu ipimwe, halafu akapelekwa hospitali kubwa, akateremshiwa mpira wenye kamera mpaka utumboni, kikakatwa kipande kidogo kikaangaliwa. Siliaki.

Mamake alipoambiwa mwanawe asile ngano alinyamaza kimya. Mama huyu anauza mahamri! Kila alfajiri anakanda kilo kadhaa, na mahamri hayo ndiyo yanayolipa karo. Unga umo hewani, umo mezani, umo kwenye kanga yake. Halafu pakatokea mjuzi wa kumshauri anunue mkate maalumu usio na ngano katika duka kubwa la mjini. Alipovuka feri kwenda kuutazama akakuta mkate mmoja mdogo una bei ya mikate kadhaa ya kawaida. Akarudi mikono mitupu.

Kuvunjika kwa koleo, wasemao wamesema, si mwisho wa uhunzi. Bibi yake huyo mwanafunzi ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kwani vitumbua vina ngano?"

Ndugu msomaji, hilo swali ndilo somo lenyewe. Katika vitafunio vyetu kuna vitenzi viwili vikuu, kukanda na kumimina. Mahamri, chapati, manda za sambusa na visheti vyote hukandwa. Vitumbua, vibibi na mkate wa sinia (ndugu zetu wa Unguja huuita mkate wa kumimina) humiminwa. Kinachokandwa ni ngano, kwa sababu gluteni ndiyo inayolishika donge na kulifanya livutike. Kinachomiminwa, kwa kawaida, ni mchele, kwa sababu mchele hauna gundi na ukiukanda unakuvunjikia mkononi. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini mgawanyo huu waliuweka ndani ya vitenzi. (Kaimati ndiyo inayotaka kutuharibia kanuni, maana unga wake ni mwepesi na ni wa ngano. Iwekeni upande wa hatari.)

Na mbona vitumbua huumuka bila gundi? Hamira hutoa hewa. Katika ngano, hewa hiyo hunaswa na wavu wa gluteni. Katika mchele hakuna wavu, basi hunaswa na uzito wa uji wenyewe, na moto wa chuma huwahi kuugandisha wanga kabla hewa haijatoroka. Ndiyo maana uji ukiwa mwepesi mno, vitumbua hulala kama sarafu.

Vipimo vya bibi ni hivi. Lowesha vikombe 2 vya mchele mweupe usiku kucha, si lazima uwe wa bei. Asubuhi mwaga maji, tia kwenye mashini ya kusagia pamoja na tui zito kikombe kimoja, wali uliobaki jana konzi moja, sukari nusu kikombe, iliki iliyotwangwa na hamira kijiko kimoja cha chai. Saga mpaka ukipapasa kwa vidole usikute chenga. Ukiwa mzito sana, ongeza tui jepesi kidogo kidogo. Uji utakiwao ni ule unaoteremka kwenye upawa kama utepe, si kama maji. Funika uumuke. Kwa joto letu saa moja yatosha, na mwezi wa Februari hata kabla ya hapo. Weka chuma cha vitumbua jikoni, kila shimo mafuta kidogo, moto wa wastani. Mimina, subiri pembeni pakauke, geuza kwa kijiti. Wale wanaoona haraka na kuzidisha moto watakula vitumbua vibichi ndani, wasije wakanilaumu.

Mkate wa sinia ni uji huo huo, ila hupigwa pamoja na ute wa mayai mawili, humiminwa ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko na machache chini.

Turudi Mtongwe. Mama hakuacha mahamri. Wateja wake wanayataka na karo inataka kulipwa. Alichofanya ni kutenga. Alinunua karai ya pili, ya mwanawe, isiyoguswa na mahamri. Mafuta yaliyokaanga ngano hayakaangi kitu kingine cha mtoto. Vitumbua hupikwa kwanza, meza ikiwa imefutwa, ndipo gunia la ngano linafunguliwa. Siku hizi vitumbua pia anaviuza, na vinakwisha. Mwanawe ameanza kujaa mashavu, na kamisi aliyoshonewa kidato cha kwanza sasa inambana.

Chakula cha mchana na cha jioni ndicho kilichokuwa rahisi kupita vyote. Tazameni wenyewe: wali wa nazi kwa mchuzi wa papa, sima kwa mchicha wa tui, muhogo wa nazi, mbaazi, mseto wa pojo, samaki wa kupaka, ndizi mbichi za tui, viazi vitamu, pilau. Hamna ngano humo wala tone la maziwa. Futari ya Ramadhani tuliyorithi, ya muhogo na maboga na viazi ndani ya tui, ilikuwa tayari inamfaa mgonjwa huyu kabla daktari wake hajazaliwa. Hata githeri ya shuleni, tunayoinunia, ni salama. Soko la Kongowea lina kila kitu mtu huyu anachohitaji, na hakuna hata kimoja kinachouzwa ndani ya karatasi yenye maandishi ya dhahabu. Jambo moja tu kuhusu muhogo: ule mchungu usiuchezee. Menya, lowesha, chemsha mpaka uive kabisa, kwani una sumu.

Hatari iko kwenye vitu vinavyojificha. Samaki wa kukaanga njiani huenda amepakwa unga wa ngano ili asishike. Viazi vya karai, uliza kama rojo lake ni la dengu au la ngano. Bajia za dengu ni salama mpaka zikaangwe kwenye mafuta ya sambusa, basi hapo si salama tena. Tambi ni ngano. Soseji nyingi hutiwa chembe za mkate. Sosi nyeusi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, na hingi ya dukani huchanganywa na unga wake. Vinywaji vya kakao vyenye kimea, kimea hicho ni cha shayiri. Unga wa uji wa mchanganyiko usomwe maandishi. Mashini ya kusaga mtaani, kama inasaga ngano na mahindi kwa zamu, mahindi yako yatatoka na vumbi la mwenzake. Upande wa maziwa, biriani hutiwa mtindi na halwa huwa na samli. Kuuliza si aibu. Muuzaji wa mihogo karibu na feri hukujibu kwa neno moja, "chumvi, pilipili, ndimu", na humo hamna cha kujificha.

Kazi kubwa kwa kweli iko kwenye sinia ya chai. Hapa Pwani mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huletewa chai ya maziwa na mahamri, au mkate wa mayai, au biskuti. Akikataa, mwenyeji huona ametukanwa. Mwenzetu ameniambia kwamba tumbo halikumliza kama jicho la shangazi yake siku aliposukuma sahani. Wengi hushindwa hapo. Hula kidogo ili kusitiri adabu, nako huko kidogo kunatosha kuuchokoza utumbo upya. Adabu hii tunaweza kuigeuza bila kuivunja. Chai ya mkandaa yenye tangawizi na karafuu ni chai kamili. Kahawa tungu kwa tende ni heshima ya wazee tangu zamani. Badala ya mahamri na mbaazi, leta vitumbua na mbaazi, au muhogo wa kuchemsha na mbaazi. Kashata za nazi na za njugu zipo. Nyumba inayojua hali ya mgeni wake haimlazimishi kueleza tumbo lake mbele ya baraza nzima.

Yapo mawili ya kuangaliwa na anayeacha maziwa. Kwanza ni kalsiamu ya mifupa. Tui la nazi, pamoja na utamu wake wote, halina kalsiamu ya maana, na asije mtu akamnyonyesha mtoto mchanga tui akidhani ni maziwa. Kalsiamu itafutwe kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, sukuma wiki, ufuta, na hasa wimbi. Gramu 100 za unga wa wimbi zina karibu miligramu 340 za kalsiamu, na maziwa ya ng'ombe uzito huo huo yana karibu 120. Bila shaka uji una maji mengi na mwili haufyonzi yote, lakini bakuli la uji wa wimbi kila asubuhi si mchezo.

La pili ni kwa wale watakaosoma makala hii na kuanza kujishika tumbo. Usijipime mwenyewe! Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta alama za ile vita ya ndani. Ukiacha ngano kwanza, vita hupoa na alama hupotea, ukaambiwa huna kitu. Endelea kula kama kawaida mpaka daktari apime. Tena ipo minyoo kweli, na ipo ameba kweli.

Kuhusu sherehe yetu ya kufunga mwaka, kamati imekubaliana hivi. Vitumbua vikaangwe mwanzo, kwa chuma kilichosuguliwa na mafuta mapya. Bajia za kunde zifuate. Sambusa ziwe za mwisho na ziwekwe meza ya pili, na kila sahani iwe na kijiko chake. Chai itakuwa birika mbili, ile ya maziwa ifungwe utepe mwekundu kwenye mpini. Nazi zinazohitajika ni 12. Mbuzi za kukunia tunazo mbili. Aliye na ya tatu kwao aonane na katibu kabla ya Ijumaa.